Mgongo unaopinda mchana na kunyooka kitandani

Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili, mwaka wa nane. Akitembea anainama kama anatafuta sindano chini, akilala ananyooka. Ndugu wanasema anadeka.

Hao ndugu wamechelewa miaka mia moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa Ufaransa waliwaona askari waliopinda hivyohivyo, wakasema ni akili tu. Lakini James Parkinson, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, alishaandika tangu 1817 kwamba kiwiliwili cha wagonjwa wake huelekea kuinama mbele. Leo hali hii inaitwa kamptokomia. Kwa wengine ubongo huikaza misuli ya tumbo kupita kiasi, kwa wengine misuli ya mgongo ndiyo imechoka. Kunyooka akilala ndiyo alama yenyewe. Asiponyooka hata kitandani, apigwe picha ya mgongo, pengine pingili imevunjika. Na acheni kumpigia kelele "simama wima". Angeweza, angesimama.

Nimemwongezea mama levodopa, dawa yake ya Parkinson, na bado amepinda. Niongeze tena?

Hapana. Ni barua ya tatu mwezi huu ya mtu aliyejifanya daktari wa mzazi wake. Levodopa hulegeza ukakamavu wa mikono na miguu, ila mgongo uliopinda hivi mara nyingi hauisikii. Ukizidisha utampa maruweruwe bure. Jiulize kwanza: alianza kupinda baada ya kubadilishiwa dawa? Dawa nyingine za Parkinson, za kundi la pramipexole, zimewahi kuleta hili, kwa hiyo mpelekee daktari tarehe. Wala usizikatishe ghafla kwa hasira, maana mgonjwa anaweza kupata homa kali, akakakamaa na hata kufa.

Mkanda wa mgongo?

Mara nyingi unabana, unachubua, unaishia kabatini. Tafuteni kigari kirefu cha kutembelea chenye pa kuegemeza viwiko. Kile kifupi kinamwinamisha zaidi.

Mume wangu anapindia upande, si mbele.

Hiyo ni sindromu ya Pisa, jina la ule mnara. Kagueni dawa zake zote, hasa za magonjwa ya akili na za usahaulifu.

Tumeambiwa anyooshwe mgongo kwa upasuaji wa kutia vyuma.

Ulizeni kwanza wangapi hurudishwa kwenye meza ya upasuaji. Mifupa ya wagonjwa hawa mara nyingi ni dhaifu, skrubu hulegea. Elektrodi, yaani nyaya za umeme zinazopandikizwa ubongoni, zimewanyoosha baadhi, hasa ambao hawajapinda miaka mingi. Fiziotherapia ianze leo, kabla ya yote hayo.