Thrasta ya omo ikigoma, anzia kwenye kabati

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya umeme melini, kuna simu moja hamtaikwepa. Meli iko mlangoni mwa bandari, rubani ameshapanda, na kutoka chumba cha usukani unaambiwa thrasta ya omo, ile propela ya mbele inayosukuma meli kwa ubavu, haiwaki. Kabla hujafika ngazini, tayari mtu ameshatoa hukumu kuwa mota imeungua. Mimi nimezikuta chache sana zilizoungua kweli. Nyingi zilikuwa nzima, zinasubiri kitu.

Mota hii haiwaki kwa kubonyezwa kitufe tu. Meli nilizofanyia kazi zilikuwa na za volti 440, hezi 60, za kilowati mia kadhaa, na mzigo wa namna hiyo ukiingia ghafla unaweza kuizimisha meli nzima. Kwa hiyo stata, yaani kabati la kuiwashia mota, huuliza kwanza: jenereta za kutosha zimeingia kwenye swichibodi? Pampu ya haidroli inazunguka? Feni ya kupoza inafanya kazi? Mafuta ya tangi la juu yametimia? Mapanga ya propela, kwa aina inayogeuza mapanga, yako sifuri, yaani hayasukumi maji? Jibu moja likikosekana, kitufe kinabaki pambo. Nilishawahi kupoteza saa mbili kwa sababu ya feni niliyokuwa naisikia ikivuma kwa masikio yangu mwenyewe. Kiguso kidogo cha pembeni cha kontakta yake, swichi ya sumaku inayoiwasha, kilikuwa kimeshika uchafu, na stata haina masikio. Tangu siku hiyo nachukua mchoro wa umeme na mita, nafuata volti za udhibiti sharti moja baada ya jingine mpaka zinapokatikia.

Ikiwaka kisha ikakata baada ya sekunde chache, hilo ni jambo jingine. Kwenye stata ya sta-delta, inayounga koili za mota kwa namna mbili, sta ya kuanzia na delta ya kukimbia, mota huanza ikiwa sta: kila koili inapata kama volti 254 badala ya 440, umeme unaovutwa unashuka hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha nayo theluthi. Mapanga yasipokuwa sifuri, haifikii mwendo wake, na ikihamia delta inavuta umeme kama ndiyo kwanza inaanza, kinga inakata. Kontakta ya delta ikiwa na mguso mmoja ulioungua, utasikia mngurumo mzito na klampmita, mita inayobana waya kupima umeme unaopita, itaonyesha nyaya tatu zisizolingana. Lakini usiiwashe mara kwa mara ili usikilize vizuri! Idadi ya kuwasha kwa saa imewekewa kikomo na mtengenezaji, na kila jaribio linaongeza joto kwenye koili ambazo bado hazijapoa.

Sasa mega, kipimo cha kihami kinachozuia umeme kuvuja kwenye koili na kebo, ambayo vijana wengi huikimbilia kwanza. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwako, tundika kibao, kisha hakiki kwamba hakuna umeme kwa kipimo ulichokijaribu kwanza mahali penye umeme. Kama kuna stata ya kielektroniki, itenganishe, maana volti 500 za mega zitaiua. Anza kupima kwenye kabati. Usomaji ukiwa mbaya hapo, hujui bado kama ni kebo au ni mota. Shuka ukazitenganishe kwenye sanduku la mota. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na chumba cha thrasta ni kama ngama yenyewe: kiko chini ya maji, kimefungwa, kina unyevu. Usiingie peke yako, na hewa ipimwe kwanza.

Namba ya mega bila joto la mota haisemi kitu. Kwa makadirio tunayotumia mafundi, usomaji hupungua nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Megaomu 8 kwenye mota ya nyuzi 60 ni sawa na kama 64 ikiwa nyuzi 30. Kwa hiyo anayesoma 40 kwenye mota ya nyuzi 30 asimcheke mwenye 8. Ukimaliza kupima dakika moja, acha koili zimwage chaji ardhini kwa dakika nne kabla ya kuzishika.

Safari moja, baada ya meli kukaa nangani wiki kadhaa, tulisoma megaomu 0.4. Kadeti wangu akaanza kuandika maombi ya mota kwenda kusukwa upya koili zake. Nikamwambia ashike kwanza mwili wa mota. Ilikuwa baridi, inatoka jasho. Hita ndogo iliyomo ndani, inayotakiwa kuwa imewashwa muda wote mota ikiwa imezimwa, ilikuwa na fyuzi iliyokatika, na hakuna aliyejua tangu lini. Tukabadilisha fyuzi, tukaongeza feni ya hewa moto sandukuni, tukapima kila baada ya saa sita. Siku ya kwanza ilipanda kidogo, ikashuka tena unyevu ulipoanza kutoka. Kadeti akakata tamaa. Siku ya pili jioni ilisoma 35. Maombi ya kusukwa aliyachana mwenyewe, na kazi ya kushika ile mota kila Jumatatu, kuona kama iko vuguvugu, ikawa yake mpaka aliposhuka meli.