Barua kwa mwanangu: Droni na unga wa Mkwawa

Kamwene, mwanangu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulibishana na wenzako kazini kuhusu vita vya Ukraine: kama droni ya dola mia chache inaweza kuchoma kifaru cha mamilioni, habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, za vita ya Maji Maji na za vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, nilizofundisha maisha yangu yote zimebaki za kuonyeshea watalii, hazina la kumwambia mtu kuhusu vita vya leo. Halafu ukauliza kama Tanzania nayo inunue droni iachane na vifaru. Hilo la pili ni jepesi. La kwanza linataka nafasi.

Hizo video nimeziona, mdogo wako ananiletea kila jioni. Lakini niambie, umewahi kuona video ya droni iliyokatika mawasiliano ikaangukia shambani? Hakuna anayeirusha mtandaoni. Mnaonyeshwa zilizopiga tu, nanyi mnahesabu kana kwamba zote hupiga. Sisi watu wa Iringa tunafanya vilevile na vita ya Lugalo, Mkwawa alipowashinda Wajerumani. Mshike mtoto yeyote pale Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mkwawa, atakusimulia tarehe 17 Agosti 1891 kama vile alikuwepo: kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, anapita na msafara mrefu kwenye njia nyembamba, mizinga imekuwa mizigo tu, Wahehe wamelala kimya kwenye majani na mawe. Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Kamanda akafa kwa mkuki, Wajerumani wapatao kumi wakafa kwa jumla, pamoja na askari wao Waafrika zaidi ya 200, na bunduki karibu 300 zikabaki mikononi mwa Wahehe. Ukitoka Iringa kwenda Dar mnara wake unauona barabarani.

Sasa mwulize mtoto huyohuyo kilichotokea kati ya Oktoba 1894, Kalenga ilipoanguka, na Julai 1898. Atakwambia Mkwawa alijipiga risasi. Na hiyo miaka karibu minne katikati? Kimya. Wanafunzi wangu nilikuwa nawabana hapohapo.

Baada ya Kalenga, Mkwawa aliingia porini na Wajerumani wakahangaika naye. Mizinga iliyobomoa ukuta wa mawe haikuwa na ukuta mwingine wa kubomoa. Kwa hiyo wakabadili vita. Mwaka 1896 afisa wao Tom von Prince akajenga boma Iringa, na kuanzia hapo kazi kubwa ya vikosi vyake ikawa kuchoma mashamba na vijiji, kuswaga mifugo, na kumwadhibu yeyote aliyempelekea Mkwawa chakula. Kichwa chake kikatangaziwa rupia 5,000. Bunduki za Lugalo Mkwawa hakuzikosa. Alichokosa ni mkulima wa kumpa unga usiku bila kuogopa kwamba asubuhi nyumba yake itakuwa majivu. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, alikuwa mgonjwa na amebaki na watu wachache mno.

Wajerumani wakatoka na somo hilo, na miaka saba baadaye wakalitumia kwa mapana zaidi. Watu wakikumbuka Maji Maji wanakumbuka dawa ya maji iliyoaminiwa kuzuia risasi, na wanacheka kidogo, jambo linaloniudhi. Risasi hazikuwamaliza watu wa kusini. Afisa mmoja wa Kijerumani aliandika waziwazi mwaka 1905 kwamba njaa na dhiki ndizo zitakazowatiisha kabisa, kwa kuwa mapigano peke yake hayatoshi. Wakachoma vihenge, wakateketeza mazao shambani, wakazuia watu kulima. Ungoni, Upangwa, hadi sehemu za Ubena kwa bibi yako mzaa baba, ndiko moto huo ulikopita. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanafika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya bunduki kunyamaza. (Na usisahau, ukitaka kuwachokoza wenzako wa huku: Wahehe wengi safari hiyo walikuwa upande wa Mjerumani.)

Vita ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu ni hesabu ya darasa la nne. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anasifiwa kwa ujanja, na ujanja alikuwa nao, lakini chukua kalamu. Mpagazi anabeba kilo 30 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 15 na kurudi siku 15, mzigo wote ameumaliza mwenyewe, askari aliyepelekewa hajapata hata kijiko. Ndiyo maana Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja kwa vita hiyo, na zaidi ya 90,000 wakafa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Vikosi vya Jenerali Northey wa Uingereza viliingia kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916, vikapita Tukuyu, na mwisho wa Agosti vikafika Iringa, vikila nchi njiani kama vile Wajerumani walivyokuwa wakiila. Pale mjini yapo makaburi ya wanajeshi wa vita hiyo, yametunzwa vizuri, majina yamechongwa. Mpagazi wa Kikinga aliyefia njiani hana hata jiwe.

Wakati wa vita ya Kagera mimi nilikuwa msichana wa shule, Ilula. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, ile ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, kila mtu anaijua kwa moyo. Kilichofuata ndicho vita ilivyo: malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kupeleka askari na shehena hadi upande wa pili wa nchi, mgambo wakaitwa kwa maelfu, daraja la Kyaka limelipuliwa na mvua inanyesha. Jeshi lilifika Kampala tarehe 11 Aprili 1979 kwa sababu kila siku kuna mtu aliyefikisha mafuta, risasi na chakula mbele. Libya ilimtumia Amin wanajeshi na silaha nzito, wakapigwa Lukaya, huko Uganda, na baada ya Lukaya. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Mikanda ile tulifunga miaka. Mama yangu alikuwa akipondaponda majani ya mpapai, anayasugua kwenye kola ya sare yangu hadi povu la kijani litoke, maana sabuni ya duka la kijiji ilikuja kwa foleni na iliisha kabla ya foleni. Ushindi ninauonea fahari hadi leo, lakini nisikudanganye kwamba ulikuwa wa bei rahisi.

Sasa turudi kwa droni zako. Februari 2022 Urusi ilipeleka kuelekea Kyiv msafara uliojipanga barabarani karibu kilomita 64. Wewe umewahi kulala mlimani Kitonga, njia ya Dar, semitrela moja imelala kona, nyanya zinaoza nyuma na mbele hakuna anayesogea; weka hapo vifaru, mafuta yamekwisha, na watu wanakuvizia kutoka msituni. Jeshi lile lilikuwa na silaha za kila aina, likarudi nyuma. Hilo lilitokea kabla ya wimbi la hizi droni ndogo mnazozitazama.

Na droni ndogo zenyewe, zikishazagaa, zinawinda nini? Tazama tena hizo video bila muziki. Mara nyingi ni lori, gari dogo la kubeba maji na risasi, pikipiki. Zimeifanya barabara ya kwenda mstari wa mbele isipitike kwa kilomita nyingi, hadi askari wanatembea kwa miguu usiku wakiwa na mizigo mgongoni, na wengine wanadondoshewa chakula na maji na droni nyingine. Mpagazi amerudi, mwanangu. Aliyemzuia mkulima asimpe Mkwawa unga na anayepiga lori la mikate kule Donbas, mashariki mwa Ukraine, wanafanya kazi moja.

Palipobadilika nakubali. Mkwawa alijificha karibu miaka minne. Leo kamera inayoona joto la mwili ingemfanya ashindwe kujificha porini muda wote huo, na shambulio la kuvizia kama la Lugalo, lenye maelfu ya watu wamelala kwenye majani, lingeonekana kutoka angani kabla halijaanza. Hilo si dogo. Wanaosema droni ni silaha nyingine tu kama nyingine, nao wanakosea.

Na kama wenzako bado wanaona vita ya Ukraine ni ya kwenye simu, waambie waje waulize Mbozi na Igurusi. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita laki moja, wakulima wa mahindi wakapunguza ekari au wakapanda bila kitu, mpaka serikali ilipoleta ruzuku na mfuko ukashuka hadi elfu 70. Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani. Bandari na meli zikiguswa kule, mahindi yetu yanakuwa ya njano huku.

Kuhusu kununua droni: zinunuliwe, na vijana wafundishwe kuzitengeneza na kuzizuia, ila vifaru tusivitupe. Lakini ningekuwa na nafasi ya kumuuliza mkubwa yeyote wa jeshi swali moja, ningeanza na maghala ya chakula ya Makambako, akiba ya dizeli, na barabara ya pili ya kupita iwapo Kitonga imefungwa. Akinijibu hayo ndipo tuzungumze droni.

Mama yako,
Iringa