Maswali Yenu: Vimfereji vya Chini ya Skii Vinafanya Kazi Gani Hasa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nina pea moja tu ya skii za kroskantri, siku za baridi kali zinateleza poa sana, ila theluji ikianza kulowa ni kama kuna mtu ananishika kwa nyuma, nta nimeshabadilisha mpaka nimechoka na sioni tofauti. Fundi ananiambia tatizo ni mchoro wa beizi, yaani vile vimfereji vya upande wa chini wa skii, eti nizisage upya niwekewe mchoro mnene kabisa. Ni kweli au anataka hela tu?

JIBU: Nzuri ndugu msomaji. Fundi amegundua ugonjwa, ila dawa yake mimi ningeipunguza makali.

Geuza skii yako uitazame kwenye mwanga unaotoka pembeni, utaona vimfereji vyembamba vimepita beizi nzima. Beizi ni plastiki ya polithilini, na vimfereji hivyo vinakatwa na jiwe la mashine linalozunguka. Jiwe lenyewe kwanza linachongwa na ncha ya almasi, kwa hiyo almasi ikipita haraka juu ya jiwe mchoro unakuwa mnene, ikipita polepole unakuwa mwembamba, halafu beizi inakopi kile kile kilichopo kwenye jiwe.

Sasa kwa nini unavutwa nyuma? Ni maji. Kwenye theluji chepechepe maji yanajaa nafasi yote kati ya beizi na theluji, na beizi iliyo laini inanata, kama vioo viwili ulivyovilaza pamoja vikiwa na maji katikati, jaribu kuvibandua uone kazi yake. Vimfereji vinene vinaukata huo utando wa maji, vinaingiza hewa na kuyapa maji pa kutokea. Kwenye baridi kali mambo yanageuka, maji karibu hakuna na chembe za theluji ni ngumu zina ncha kali, ukija na mchoro mnene zile ncha zinang'ang'ania kingo za vimfereji na skii inakuwa nzito, ndio maana baridi inataka mchoro mwembamba. Skii zako bila shaka zimesagwa kwa ajili ya baridi.

Na usiangalie kipimajoto cha hewa peke yake. Hewa inaweza kuwa nyuzi 8 juu ya sifuri lakini theluji haivuki sifuri, kinachobadilika ni maji yaliyomo ndani. Halafu theluji mpya inayoanguka sasa hivi kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri haifanani kabisa na ya zamani ambayo chembe zake zimeshakuwa mviringo, hata kama joto ni lile lile. Mimi naamini mkono zaidi: chukua theluji uibane, ikikataa kushikana ni kavu, ikifanya tonge ina unyevu, ikiacha maji kwenye glavu hapo ndipo mchoro mnene unapolipa.

Kwa nini basi nasema usikubali mchoro mnene kabisa? Kwa sababu pea ni moja, na mchoro mwembamba unaweza kuuongezea wakati wowote lakini mnene huwezi kuupunguza mpaka usage tena, na kila kusaga kunakula beizi ambayo haiongezeki! Omba mchoro wa kati, ule wa hali zote, halafu nunua kile kifaa cha mkono chenye rola. Chenyewe hakikati, kinagandamiza tu alama kwenye plastiki, na ukija kupiga pasi ya nta zile alama zinafifia. Kwa hiyo anza na nta, kwangua, piga brashi, rola iwe ya mwisho. Mara ya kwanza pitisha rola skii ya kushoto tu, shuka kwenye mteremko mdogo umesimama kwa miguu yote miwili sawasawa, mguu utakaotangulia ndio jibu lako.

Hili la mchoro limekuwa na uzito zaidi tangu FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo wa skii, ipige marufuku nta zenye florini kwenye mashindano kuanzia msimu wa 2023/24, maana zile ndizo zilikuwa zinafukuza maji vizuri mno.

SWALI: Nimetoka kusaga skii zangu wiki hii, mbona zimekuwa nzito kuliko mwanzo?

JIBU: Usiende kusaga tena tafadhali! Jiwe likipita huwa linaacha vinyweleo vya plastiki vimesimama kwenye beizi, ukipitisha kidole kuelekea kichwani mwa skii unaweza hata kuvihisi. Paka nta, ipoe, kwangua na kikwangulio cha plastiki, kisha brashi ya shaba na baadaye ya nailoni, siku zote kutoka kichwani kwenda mkiani, na urudie mara kadhaa. Wengi wanakwangua vizuri halafu wanaivivia brashi, nta inabaki imeziba vimfereji vyote, sasa hapo hela ya kusaga umelipia nini?