Homa siyo malaria mpaka kipimo kiseme

Nilipoanza kazi kwenye zahanati moja huko Urambo, mgonjwa akiingia msimu wa mvua na kusema mwili unachemka, viungo vinauma na mdomo mchungu, nilikuwa naandika dawa mseto ya malaria kabla hajakaa vizuri. Tabora malaria ni nyingi, kwa hiyo mara nyingi nilipatia. Huko kupatia ndiko kulikonidanganya.

Siku moja mama alileta mtoto wa miezi 8 mgongoni. Homa, siku ya pili. Nikampa dawa. Kesho yake jioni wakarudi, mtoto amelegea. Safari hii nikamwambia mama afungue kitenge, nikashika saa: pumzi 64 kwa dakika, na kwa umri ule 50 tu ni nyingi. Kila akivuta hewa, chini ya mbavu panabonyea. Nimonia. Tukampeleka hospitali ya wilaya, akapona, lakini dakika moja ile ya kuhesabu niliikosa jana yake.

Tangu hapo dalili zinanisaidia kuchagua nani achomwe kidole kwa kipimo cha malaria. Dawa inasubiri jibu; Shirika la Afya Duniani linasisitiza hivyo tangu 2010. Kikisoma hasi, angalia masikio, koo, kifua, mkojo. Kikisoma chanya bado hesabu pumzi, maana mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Na uliza kama amemeza dawa ya malaria wiki chache zilizopita: kipimo cha haraka tunachotumia huweza kusoma chanya hata vimelea vikiwa vimeshakwisha.

Macho yako yana kazi kubwa zaidi kwa mgonjwa mahututi. Degedege, kushindwa kunyonya, kutapika kila anachopewa, kulala usingizi asioamka: huyo hakai foleni. Bibi akisema degedege ni la mganga wa kienyeji, usibishane naye mlangoni. Mpokee mtoto kwanza, maneno baadaye.

Halafu upungufu wa damu. Fungua kiganja cha mtoto, kiweke kando ya cha mama yake, karibu na dirisha, uone kama kimepauka. Na mama naye akiwa amepauka, jambo ambalo huku si geni, tumia cha kwako.