Maswali Yenu: Kumbe Mhadhara wa Chuo Hata Mi Naingia?

Asanteni kwa meseji, safari hii karibu zote zimekuja na jambo moja. Muhula umefunguliwa, kuta za chuo zimejaa mabango, mara mhadhara, mara kongamano, mara uchangiaji damu, na watu mnauliza nani anaruhusiwa kwenda wapi. Nimechukua tano, ambao sijawafikia mnivumilie.

Shikamoo dada. Mi sio mwanafunzi, shule niliishia njiani, nafanya usafi kwenye ofisi jirani na chuo. Nimeona bango la mhadhara wa kiprofesa kuhusu maji ya chini ya ardhi, na hilo jambo nalipenda toka utotoni. Nikienda ntafukuzwa? Na nivae nini?

Marahaba mdogo wangu. Unaingia, tena kwa mlango wa mbele. Mhadhara wa kiprofesa ndo ile siku mtu aliyepandishwa kuwa profesa anasimama mbele ya watu anaeleza miaka yote hiyo alikuwa anachunguza nini, na umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe kabisa, kwa sababu wenzake wa maabara hayo mambo wanayajua tayari, hawahitaji ukumbi. Utaona majoho mekundu na kofia, yasikutishe, hayo ni yao ya sherehe, wewe vaa nguo yako safi unayojisikia vizuri ukiivaa. Mlangoni wanaweza kukupa daftari uandike jina, andika. Maswali mara nyingi hayaulizwi ukumbini siku hiyo, ila akishamaliza watu huwa wanabaki wanasalimiana, hapo msogelee umuulize hayo ya maji, na mi nakuhakikishia mtu aliyekaa miaka ishirini na jambo moja hakuna kinachomfurahisha kama mtu anayelipenda na yeye.

Nikupe kisa kimoja. Mwaka 1827 Alexander von Humboldt, yule mtaalamu wa mazingira wa Ujerumani, alianza kutoa mihadhara chuo kikuu cha Berlin. Wakati huo wanawake walikuwa hawaruhusiwi kusoma chuoni. Basi akafungua mfululizo mwingine kwenye ukumbi wa Singakademie, mihadhara 16, bure, na wanawake wakaja kwa wingi wakakaa na mafundi na watu wa ikulu chini ya paa moja. Huo ukumbi ulijaa, na ni karibu miaka 200 iliyopita, sasa wewe leo nani akufukuze?

Ila tofautisha matangazo. Semina ya idara nayo mara nyingi iko wazi lakini wanaongea kwa lugha ya wenyewe kwa wenyewe, unaweza kutoka hujaambulia kitu. Utetezi wa tasnifu ya udaktari, yani pale mwanafunzi wa PhD anapoutetea utafiti wake mbele ya watahini, unategemea nchi na chuo, pengine ni ukumbi mzima wa watu, pengine ni chumba cha watahini tu na mlango umefungwa, huo uliza ofisi ya idara kwanza.

Dada mambo. Mi ni mwaka wa kwanza, nimeumia sana. Bango la maonyesho ya klabu za wanafunzi liliandikwa "saa 8:00", nikafika saa nane mchana nimejiandaa vizuri nikakuta mhudumu anakunja viti. Kosa langu au lao?

Poa mdogo wangu, na pole sana. Kosa ni lao, nalisema wazi kabisa. Mtu anachukua bango la Kiingereza anatafsiri maneno yote vizuri alafu saa anaiacha vilevile, 8:00 ya asubuhi inabaki "saa 8:00", na msomaji wa Kiswahili akiona hivyo kichwani kwake ni saa nane, yani tofauti ya masaa sita, tukio zima limepita. Hili linaniuma kwa sababu limefukuza watu wengi kuliko mvua. Nyinyi mnaoandaa mabango, tafadhali andikeni "saa mbili asubuhi, 08:00", vyote viwili, kwenye mstari mmoja, haichukui hata nafasi.

Na wewe msomaji ukiona namba tupu yenye sifuri mbele au inayozidi 12, ujue ni saa ya masaa 24. Kuanzia 07:00 mpaka 18:00 unatoa sita: 14:00 ni saa nane mchana, 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Kuanzia 19:00 unatoa kumi na nane, 20:00 ni saa mbili usiku. Mihadhara ya mtandaoni ndo inachanganya zaidi, wanaandika 13:00 UTC, yani ile saa ya pamoja ya dunia, kama ulipo ni masaa matatu mbele ya UTC basi kwako ni 16:00, saa kumi jioni. Alafu Ulaya saa zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwahiyo semina ya kila wiki uliyozoea inaweza kuhama saa nzima bila mtu kukwambia. Na ukikutana na tangazo la chuo cha Ujerumani limeandikwa 14:00 c.t., usigombane na intaneti yako, hizo herufi maana yake wanaanza robo saa baadae, 14:15. Likiandikwa s.t. ni saa kamili, hamna kusubiriana.

Maonyesho yamepita lakini klabu zipo. Nenda ofisi ya serikali ya wanafunzi, wanayo orodha na siku za kukutana.

Habari za kazi dada. Nimepewa dakika tatu kuelezea utafiti wangu wa uzamili kwenye mashindano, slaidi moja tu. Nina kurasa 140! Nianzie wapi?

Nzuri mdogo wangu. Hayo mashindano yalianza chuo kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 na sasa yamesambaa dunia nzima, na kanuni ni ngumu makusudi: slaidi moja isiyotembea, hamna kifaa cha kushika mkononi, ukizidisha dakika tatu umetoka. Wenyewe wanasema tasnifu ya maneno 80,000 ukiisoma kwa sauti ni masaa 9.

Usianze na kufupisha kurasa 140, utaumia bure. Anza na ile sentensi ambayo ukimwambia mama yako anaacha alichokuwa anafanya anakugeukia, ipo, itafute. Nilishawahi kumwona mmoja anachunguza nyufa kwenye madaraja ya chuma, alipanda jukwaani akanyoosha kidole akaanza kukikunja na kukikunjua, kimya, labda sekunde tano hivi, alafu akasema daraja nalo linafanya hivi kila gari likipita, na mi nataka kujua litachoka lini. Ukumbi wote tulikuwa tunaangalia vidole vyetu. Majedwali hakuonyesha hata moja, na hakuna aliyemwuliza yako wapi.

Jirekodi kwa simu ukilenga dakika mbili na nusu, kwa sababu jukwaani utapumua, na watu wakicheka lazima uwasubiri.

Dada, nimetumiwa imeili kunialika kwenye kongamano la kimataifa, wamekubali ikisiri yangu, ule muhtasari wa utafiti, ndani ya masaa mawili na wanataka nilipie usajili leo leo. Nilipe?

Usilipe. Ikisiri inasomwa na watu, na watu hawasomi kwa masaa mawili. Angalia kamati ni akina nani, alafu waandikie wawili watatu kwa anwani zao za chuoni uwaulize kama wanalijua hilo kongamano. Mkutubi wa chuo nae atakusaidia, ndo kazi yake.

Mwanangu habari. Chuo cha hapa karibu kinafanya siku ya kuchangia damu mwezi wa sita. Mimi nina miaka 67, sijawahi kuchangia. Wananitaka?

Shikamoo mzee wangu. Hiyo itakuwa ni ile ya tarehe 14 Juni, siku ya wachangia damu duniani, ndo siku aliyozaliwa Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901. Kwa damu yenyewe ntakwambia ukweli, sehemu nyingi mtu anayeanza wanampokea kuanzia miaka 18 mpaka 65, uzito usipungue kilo 50, kwahiyo wanaweza wasikuchukue, na isikuume, wanakulinda wewe. Lakini nenda. Mara nyingi siku kama hizo wanapima presha na sukari bure, na kama una wajukuu wakubwa nyumbani ongozana nao, wale kwanza na wanywe maji ya kutosha, inatolewa kama mililita 450 na kulala kitandani ni kama dakika kumi tu, mtoto akimwona babu yake amekaa pembeni anamsubiri hata sindano haiogopi. Mlinzi akikuuliza getini unaenda wapi, mwambie naenda kwenye damu, atakuonyesha hema.