Kabla ya kununua taa, fungua pazia

Juzi dada mmoja wa Kibondo amenitumia ujumbe: anataka kupiga picha za watoto iwe kazi yake, anauliza aanze na taa ya aina gani. Nimemjibu asinunue kwanza. Naandika kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenu mnataka kufungua studio na mnaamini kinachowakwamisha ni vifaa.

Mimi nilianzia Ujiji, chumba kimoja cha kupanga, dirisha moja linalotazama mashariki. Taa sikuwa nayo. Mtoto nilimkalisha kwenye mkeka, kama meta moja kutoka dirishani, uso ameugeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga. Nazima balbu, kisha namwomba mama yake ashike shuka jeupe upande wa pili ili shavu lenye kivuli nalo lipate mwanga. Picha hizo ndizo zilizonijengea jina. Leo napigiwa simu kutoka Kasulu na Uvinza watu wakiulizia nafasi, na najivunia.

Balbu izimeni kweli. Ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mchana, shavu moja linakuwa la chungwa na jingine la buluu, na kulirekebisha baadaye ni kazi ngumu. Jua letu nalo mlijue. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zilezile za Dar, kwa hiyo huku jua linafika juu kabisa karibu saa saba mchana. Asubuhi likiingia moja kwa moja, tundika chandarua kikuukuu dirishani, mwanga utalainika. Kiwe cheupe. Cha buluu kitampaka mtoto buluu usoni.

Kuna mama alinikatalia picha mbele ya watu. Mwanawe alikuwa ametimiza mwaka, nikampiga na rangi yake ileile, kahawia iliyokolea, macho yanang'aa. Mama akasema nimemfanya mtoto mweusi, akaenda kwa mwingine aliyempausha mpaka pua haionekani. Liliniuma na bado linaniuma, maana picha ile ilikuwa sahihi. Ndugu zangu, msiwapaushe watoto wetu! Mtoto anayekua huku kila picha yake imefutwa rangi, tunamfundisha nini? Kwenye simu gusa uso wake, kisha sogeza alama ya jua mpaka uso uonekane sawasawa. Ukuta wa nyuma ukizidi mwanga, uache.

Na huko nyuma ondoeni vitu: waya za king'amuzi, ndoo, kalenda ya mwaka juzi. Kitenge cha maua makubwa ni kizuri kuvaa, lakini kikitundikwa nyuma ya mtoto kinagombana na uso wake. Shuka la rangi moja linatosha. Mtoto akae meta moja na nusu mbele yake, mikunjo itafifia. Asikae karibu na ukuta wa kijani, shavu litakuwa la kijani.

Anayetambaa hatulii, kwa hiyo wenye kamera, kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) msiishushe chini ya 1/250 ya sekunde. Halafu pigeni magoti, ikibidi laleni kabisa sakafuni, kamera iwe usawa wa macho yake. Ukimpiga umesimama utapata utosi na mkeka.