Masuali yenu kuhusu hisabati za mtihani wa Darasa la Sita

Wazazi, walimu na wanafunzi wa Unguja na Pemba wameniuliza kuhusu mazoezi ya hisabati kwa watoto wanaotaraji, kwa matokeo ya mtihani wa Darasa la Sita, kuchaguliwa kuingia skuli za vipawa na madarasa ya michipuo, yaani skuli na madarasa ya wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi. Nayajibu yale yanayoulizwa zaidi.

Mwanangu amefanya mitihani mingi ya miaka iliyopita, lakini alama zake hazipandi. Nimnunulie mingine? (Mzazi, Wete)

Kwa sasa usimnunulie. Fungua daftari lake uangalie masuali aliyoyakosa. Mara nyingi utakuta alama nyekundu ya kosa, jibu sahihi limenakiliwa pembeni, na mtoto ameshahamia suali linalofuata, bila ya kujifunza lolote pale alipokosea. Mtake aandike upya hatua zote bila ya kutazama jibu, akueleze kwa mdomo ni wapi alipopotea, na baada ya siku kadhaa mpe suali hilo hilo kwa namba nyengine. Masuali matano yaliyofanywa hivyo jioni moja yanamfaa zaidi kuliko karatasi nzima aliyoikimbilia, na nalisema hili kwa uzito kwa sababu wazazi wengi hujinyima ili walipie karatasi na tuisheni.

“Mkulima aliuza thuluthi moja ya karafuu zake siku ya kwanza, na siku ya pili akauza robo ya zilizobaki. Akabakiwa na kilo 30. Mwanzo alikuwa na kilo ngapi?” Mimi napata 72, lakini mwalimu amenikosesha. (Mwanafunzi, Konde)

Bila shaka umejumlisha 1/3 na 1/4 ukapata 7/12, ukasema zilizobaki ni 5/12, nazo ni kilo 30. Kukokotoa kwako ni sahihi. Ulipoteleza ni katika kusoma, kwani robo ya siku ya pili si robo ya karafuu zote bali ni robo ya zile zilizobakia baada ya mauzo ya kwanza.

Chora mstatili uugawe sehemu tatu zilizo sawa, kisha utie kivuli sehemu moja, ambayo ndiyo iliyouzwa kwanza. Sehemu mbili zilizobaki zigawe ziwe vipande vinne vilivyo sawa, utie kivuli kimoja. Utaona kwamba kila kipande ni 1/6 ya mstatili wote na kwamba vimebaki vipande vitatu, ambavyo ni kilo 30. Kwa hiyo kipande kimoja ni kilo 10, na mstatili wote ni kilo 60. Kwa njia ya namba, 3/4 × 2/3 = 1/2, na nusu ni kilo 30.

Sasa lipime jibu lako la mwanzo. Kutoka kilo 72, thuluthi ni 24, zinabaki 48. Robo ya 48 ni 12, zinabaki 36, na suali limesema 30. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja, nacho kingekuonesha kosa kabla ya kukusanya karatasi.

Wanafunzi wangu wamehifadhi MAGAZIJUTO (mpangilio wa vitendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), lakini kwa 12 − 5 + 3 wengi wanaandika 4. (Mwalimu wa tuisheni, Mjini Unguja)

Wamefahamu kwamba kujumlisha lazima kutangulie, kwa hiyo wanafanya 5 + 3 kisha wanatoa 8. Waeleze kwamba kujumlisha na kutoa ni vitendo vya daraja moja, na vinapokutana hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia: 12 − 5 ni 7, na 7 + 3 ni 10. Anayependa kuanza kujumlisha aihamishe namba pamoja na alama yake, yaani 12 + 3 − 5, na atapata 10 vile vile.

Binti yangu ni hodari wa kukokotoa, lakini mafumbo ya hisabati yaliyoandikwa kwa Kiingereza yanamshinda. (Mzazi, Chwaka)

Kabla ya kushika kalamu akusimulie fumbo kwa Kiswahili: nini kinajulikana, nini kinatafutwa. Akishindwa kulisimulia, tatizo ni lugha, na kumwongezea mazoezi ya kukokotoa hakutamsaidia.

Zimebaki wiki chache. Nianze na mada ipi? (Mwanafunzi, Makunduchi)

Anza na sehemu, yaani namba kama 1/3 na 1/4, kwa sababu asilimia na uwiano vinazitegemea. Jipime kwa suali hili: bei ya kanga ya shilingi 20,000 ikipandishwa kwa asilimia 10, kisha bei hiyo mpya ikapunguzwa kwa asilimia 10, itakuwa shilingi ngapi? Anayejibu 20,000 hakuona kwamba asilimia 10 ya mara ya pili ni ya 22,000, yaani shilingi 2,200, na kwamba bei ya mwisho ni shilingi 19,800. Ukilipata bila ya kusaidiwa, endelea na eneo na mzingo. Ukilikosa, itumie wiki ya kwanza yote kwa sehemu na asilimia peke yake.